Lori la miwa chini ya laini ya kilovolti 132

Kaka wa Lugazi, umeuliza kama lori lako la miwa litapita salama chini ya laini ya kilovolti 132, maana mchana waya huonekana umeshuka. Hujakosea: waya ukipata joto la jua na mzigo wa umeme hurefuka na kulegea. Kwa kiwango cha Uingereza, waya wa laini hiyo hauruhusiwi kushuka chini ya mita 6.7 kutoka ardhini. Hiyo si ruhusa ya kupakia mpaka mita 6! Umeme huo huruka hewani kabla hujagusa waya. Nakusihi, usipime kwa mti wala futi ya chuma, na utingo asipande juu ya miwa hapo. Pitia kwingine, kisha wapigie UETCL, kampuni ya kusafirisha umeme ya Uganda, uwasomee namba ya mnara, waje kupima.