Elfu nane kwa mwezi Kisumu zinatosha, ila niambie kwanza zinaingia lini

Dada wa Webuye, umeuliza mambo mawili: kama 8,000 kwa mwezi zitakutosha Kisumu, kodi ikiwemo, na kama uchukue hosteli au ukodi nje. Mimi ni mtu wa Voi. Nilisoma chuo Kisumu kuanzia Septemba 2017 hadi 2022, mwaka wa kwanza hosteli, iliyobaki nimepanga mtaa wa Manyatta. Bei nitakazotaja ni za wakati ule, kwa hivyo usije ukamtajia mwenye nyumba ukaniletea aibu. Chukua hesabu, bei utazikuta mwenyewe.

Zinatosha. Shida ni siku zinapoingia.

Mwaka wa pili nilikaa na daftari kabla semesta haijaanza. HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, walikuwa wamenipa mkopo wa 40,000 kwa mwaka. 8,000 zikaenda chuoni moja kwa moja, na 32,000 zilizobaki zikakatwa mara mbili, 16,000 kila semesta. Mama alikuwa ananitumia 3,000 kila mwezi. Kwa miezi minne jumla ni 28,000. Toa kodi ya 2,500 mara nne, nabaki na 18,000. Gawanya kwa wiki 16, napata 1,125 kwa wiki. Nikajiona tajiri. Nilinunua hata pazia.

HELB ikaingia wiki ya saba.

Sasa piga picha. Mama katuma 3,000, keateka, yule msimamizi wa ploti, amegonga mlango tarehe tano kachukua 2,500, nimebaki na mia tano ya kula mwezi mzima. Daftari langu halikuwa na kosa hata moja la kujumlisha. Kosa ni kwamba nililiandika kana kwamba pesa zote ziko mkononi siku ya kwanza. Siku hizi mambo yamebadilika, mfumo wa 2023 unagawa kati ya udhamini, mkopo na mchango wa familia, lakini wadogo zangu walioko vyuoni bado wanaimba wimbo uleule wa kungoja. Kwa hivyo ukisema 8,000 kwa mwezi, nenda kaulize: ngapi zinatoka nyumbani kila mwezi bila kukosa, na ngapi ni za kusubiri? Zile za kusubiri usizipangie kodi wala chakula cha wiki nane za kwanza.

Na ukiwa na mia tano, kila kitu kinakuwa ghali. Hili nililigundua kwenye mafuta. Jioni nilikuwa naenda kibandani na kikombe, napimiwa mafuta ya kumi, naunga sukuma, yameisha. Kesho tena. Siku 30 ni 300. Lita nzima wakati huo ilikuwa chini ya 200 na ingenisukuma karibu mwezi. Makaa ni vivyo hivyo, ukinunua mkebe kwa mkebe unamaliza bei ya gunia bila kuwahi kuliona gunia. Aliye na pesa mwanzoni ndiye anayenunua rahisi, sisi wengine tunalipa zaidi kwa vijiko.

Ndiyo maana nakwambia wewe una bahati. Unatoka Webuye, nchi ya mahindi. Usije Kisumu kununua unga wa pakiti. Gunia la kilo 90 ni kama gorogoro 45, ule mkebe wa kama kilo mbili. Mimi na mwenzangu wa chumba, dada mmoja wa Siaya, tulikuwa tunamaliza gorogoro moja kwa wiki, ya wawili. Semesta nzima ni gorogoro 16, haifiki hata nusu gunia. Waombe wazazi wakukatie hizo kutoka stoo, ziwe zimekauka vizuri, uziweke juu ya mbao au matofali zisiguse sakafu, na uwe unasaga kidogo kidogo. Ukisaga zote mara moja wadudu watakula nawe. Matatu za kupitia Kakamega zitakutoza pesa kidogo ya mzigo, na wenzako wa chuo watakucheka kama mtu wa shamba. Cheka nao. Wiki ya tano hao wanaokucheka watakuwa wanauliza umepika nini.

Maharagwe pia beba. Sabuni ya kipande nunua nyumbani.

Mboga na samaki ndivyo vya Kisumu. Jumapili nilikuwa naenda soko la Kibuye na pesa taslimu za wiki, simu naiacha chumbani. Simu ina pesa, na pesa iliyo kwenye simu haina mlango. Isitoshe, kutoa mia mbili mara nne kunakutafuna ada kuliko kutoa mia nane mara moja.

Omena, wale dagaa wa ziwani, nilikuja kuijua kwa aibu. Mara ya kwanza niliiosha kama ninavyoosha mchele, nikamimina maji, nikakaanga. Mama wa mlango wa pili, ambaye aliniita nyar Mombasa, yaani binti wa Mombasa, miaka yote minne ingawa nilimwambia Voi si Mombasa, alionja kidogo akatafuna polepole. “Nyar Mombasa,” akasema, “umepika mchanga.” Kesho yake akanionyesha. Unamwagia maji moto, unakoroga kwa mkono, halafu unaiokota omena kwa vidole kuiweka bakuli jingine. Maji humimini, kwa sababu mchanga umelala chini unangoja umimine. Mara tatu hivyo. Kisha unaikaanga kavu mpaka isikike ikigonga sufuria, ndipo kitunguu na nyanya. Tangu siku hiyo nilikula omena mara tatu kwa wiki na nyama nikaisahau kabisa. Siku ya sherehe tulinunua mgongo wazi wa mtaa wa Obunga, ile mifupa ya mbuta (sangara) inayobaki kiwanda kikishatoa minofu. Usidharau, nyama iliyo karibu na kichwa ni tamu.

Nyumba. Kuna rafiki yangu alipata chumba cha 2,000 kule Mamboleo akanicheka mimi wa 2,500. Matatu kwenda na kurudi ilimtoka 80. Kwa siku 22 za masomo ni 1,760. Chumba chake kilikuwa cha 3,760, ila hakukijua kwa jina hilo. Mimi nilitembea dakika 40 asubuhi kabla jua halijakuwa kali, jioni narudi na wenzangu. Ukitafuta chumba, ongeza nauli ya mwezi juu ya kodi ndipo ulinganishe. Uliza pia maji. Ploti yenye bomba ndani na ploti ya kununua mtungi kwa mkokoteni ni nyumba mbili tofauti hata kama kodi ni moja.

Mwaka wa kwanza chukua hosteli ukipata. Sitetei vyakula vyake wala foleni ya bafu. Lakini hosteli ya chuo kwa kawaida hailipishi deposit, godoro mara nyingi lipo, na hakuna mtu atakayekugongea tarehe tano. Ukishajua pesa zako zinaingia lini, toka.

Kulipa kodi mapema, sijui nikushauri vipi. Mwaka wa tatu HELB ilipoingia nililipa kodi mpaka Aprili nikalala usingizi mzito. Machi 15, 2020 serikali ikatangaza shule na vyuo vifungwe kwa sababu ya korona, nikapanda basi la nyumbani na chumba kikabaki na sufuria zangu na kodi yangu. Mwenye nyumba hakurudisha hata senti, na baadaye akadai ya Mei. Hata hivyo, ningerudi nyuma ningelipa tena mapema, mwezi mmoja mbele, basi. Zilizobaki nilikuwa nazifunga kwenye akiba ya simu isiyofunguka mpaka tarehe niliyoweka, kila tarehe moja ya mwezi kinafunguka kiasi.

Umetaja pia biashara ndogo. Nilipika mahamri ya kwetu nikauzia majirani asubuhi. Mwezi wa kwanza nilipata hasara na sikuelewa kwa nini, mpaka mwenzangu akanionyesha kwamba kila nikiuza kumi mimi nakula manne. Tukakubaliana yangu pia yanalipiwa. Hapo yakaanza kulipa tokeni za stima na fotokopi. Mikopo ya simu usiiguse kwa ajili ya chakula. Niliigusa mara mbili, na mara zote mbili pesa ya mama ilipoingia ilikatwa kabla sijaiona.

La mwisho ni chandarua. Unakuja kando ya ziwa, na malaria ya huku haina mchezo. Mimi nilikiona ni gharama ya kuahirisha, nikaugua wiki ya tano, nikapoteza mtihani mmoja mdogo na 1,400 za vipimo, dawa na boda. Kinunue kabla hujanunua pazia.