Tairi la nyuma la 140 mahali pa 150: niliyoyaona

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kufunga tairi la nyuma la 140/80-17 badala ya 150/70-17 lililokuja na pikipiki yako, kwa kuwa lile lenye meno makubwa unalolitaka halipatikani katika upana wa 150. Nimetembelea tairi la kipimo hicho hadi likaisha, na jibu langu ni kwamba inawezekana, ila jambo la kupima kwanza si upana bali ni kimo.

Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita; ya pili ni kimo cha ukuta wake wa pembeni, kwa asilimia ya upana huo. Ukuta wa 150/70 una milimita 105, wa 140/80 una 112. Kwa hiyo lililo jembamba ndilo lililo refu, na kipenyo chake kinazidi kwa milimita 14, yaani kama asilimia 2. Spidomita ikiwa inasoma gurudumu la nyuma, inapoonyesha 100 itakuwa imepunguza takriban kilomita 2. Kwangu halikuwa tatizo, kwa sababu spidomita nyingi hutoka kiwandani zikizidisha kidogo.

Kilichoniponza ni madigadi. Nilizungusha gurudumu kwa mkono, likapita bila kugusa, nikaridhika. Baada ya safari ya kwanza nikakuta mfereji uliong'aa upande wa ndani wa plastiki, na vumbi jeusi la mpira juu ya mkono wa nyuma, yaani chuma kinachoshika gurudumu la nyuma: meno yalikuwa yakigusa kila tairi lilipotanuka kwa mwendo. Cheni yangu ilikuwa mpya, hivyo ekseli ilikaa mbele kabisa. Nilipoongeza pingili mbili za cheni, nikapata nafasi kwa kurudisha ekseli nyuma.

Rimu nayo ina mipaka yake. Watengenezaji wa tairi hutoa jedwali la upana wa rimu unaoruhusiwa kwa kila kipimo, na rimu yako isipokuwamo humo, achana na mpango huo, kwa maana tairi jembamba likivutwa na rimu pana mgongo wake hubapa na ukingo wake hukosa kukaa sawasawa. Hata kwenye rimu inayofaa, angalia ule mstari mwembamba ulio karibu na ukingo. Wangu ulikuwa wazi upande mmoja na umezama upande wa pili. Fundi alitoa upepo, akapaka maji ya sabuni upya, akajaza tena hadi ukalingana pande zote.

Usisahau namba ya mzigo, ile inayoonyesha uzito ambao tairi linaweza kubeba, hasa ukibeba abiria na masanduku: 69 ni kilo 325, na isipungue ile ya tairi la awali.

Kuhusu uendeshaji, kona zilikuwa nyepesi na kwenye matope mepesi tairi lilikata hadi kufikia udongo mgumu, ingawa nakiri kwamba sehemu ya wepesi ule ilitokana na kulinganisha tairi jipya la mviringo na la zamani lililokwisha kubapa katikati. Kwenye lami yenye joto, nikiwa na mzigo, meno yale yalinesanesa. Stendi ya pembeni nayo ikawa fupi kidogo, pikipiki ikalala zaidi, nami nikaanza kuchagua upande wa kuegesha.