Kutenga ujumbe wa mizani kwenye seva

Swali: Ndugu Mhariri, seva yetu hapa Kirumba, Mwanza, huandika ujumbe wa programu ya mizani ya samaki, unaopitia local3 (mojawapo ya makundi ya ujumbe wa mfumo), ndani ya /var/log/syslog pamoja na mengine yote. Nitautengaje?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa kuwa rsyslog, huduma inayoandika kumbukumbu za seva, husoma mafaili ya /etc/rsyslog.d kwa mpangilio wa majina, unda faili la 10-mizani.conf, litakalotangulia 50-default.conf lenye kanuni za kawaida, uandike "local3.* /var/log/mizani.log" na chini yake "& stop", mstari unaozuia ujumbe huo usifikie kanuni zinazofuata (wengi huusahau, kisha wakailaumu programu). Ukiandika local3.err utapata makosa pamoja na yaliyo mazito zaidi. Kwa kiwango hicho pekee, andika local3.=err. Kabla ya kuiwasha upya huduma, kagua mipangilio yake kwa "rsyslogd -N1".