Bakteria "wanaogelea" au "inaogelea"?

SWALI: Naandika makala ya sayansi kwa vijana kuhusu namna bakteria wanavyojisogeza na kutambua mazingira yao. Mhariri amenibadilishia "bakteria wanaogelea" ikawa "bakteria inaogelea", kwa hoja kwamba bakteria si mnyama. Tena nilipoandika "hunusa chakula" amefuta, akaweka "hujua chakula kilipo". Na je, flajela, yaani uzi unaomsukuma bakteria, naweza kuiita mkia? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Katika la kwanza, baki na "wanaogelea". Ni kweli kwamba kuwa na uhai peke yake hakutoshi kuliingiza jina katika ngeli ya A-WA. Mti una uhai, uyoga una uhai, na bado tunasema mti unakua, uyoga unaota. Lakini bakteria wamekwisha kuzoeleka upande wa viumbe wanaojiendea: husemwa "bakteria wa kipindupindu", "bakteria wanaoishi tumboni". Upatanisho huo hauhitaji kila bakteria awe muogeleaji. Yule wa kifua kikuu haogelei kabisa, na bado ni "bakteria wa kifua kikuu", kwa kuwa upatanisho hufuata jina. Ukitumia "vijidudu" mambo hubadilika, maana hapo umeingia katika udogo, na "vijidudu hivi vinaogelea" ni sahihi.

Suala la vitenzi ndilo zito zaidi, na hapo siwezi kukubaliana na mhariri wako hata kidogo. Tumtazame Escherichia coli, mkazi wa utumbo wetu, ambaye urefu wake ni kama sehemu 2 kwa 1,000 za milimita. Mwilini ana nyuzi kadhaa ndefu, ndizo flajela, na kila moja huzungushwa na mtambo mdogo ulio kwenye shina lake. Zikizunguka zote kinyume na mwendo wa mishale ya saa, hujikusanya kuwa fungu moja linalomsukuma mbele moja kwa moja kwa muda wa kama sekunde 1. Moja au zaidi zikigeuza mzunguko, fungu hufumuka, naye hugaagaa papo hapo kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde, kisha hushika njia nyingine ambayo hakuichagua. Wanasayansi Howard Berg na Douglas Brown waliyaeleza haya mwaka 1972, baada ya kuwafuatilia bakteria mmoja mmoja kwa hadubini.

Basi chakula anakifikiaje? Anapokwenda, hulinganisha hali ya sasa na ile ya sekunde chache zilizopita. Sukari ikizidi kuongezeka, huchelewa kugaagaa, na safari ya upande ule hurefuka. Isipoongezeka, hugaagaa mapema. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na sijui kauli nyingine ya Kiswahili inayomfaa kiumbe huyu kuliko hiyo: hana ramani ya mahali kitoweo kilipo, lakini mwishowe anakipata. Ukiandika "hujua chakula kilipo" umempa ujuzi ambao hana, na kijana atakayesoma atalikosa jambo lenyewe la ajabu.

"Hunusa" yako si mbaya, ila ningependelea "huonja". Molekuli za sukari zimo ndani ya maji anamoogelea, na hutambuliwa zinapogusana na vipokezi vyake. Usihofu kwamba kuonja kutachanganywa na kula. Julius Adler, mwanakemia wa Marekani, alikuwa akichovya mrija mwembamba wa kioo wenye sukari katika maji yenye bakteria, nao wakajazana mrijani. Mwaka 1969 alionyesha kwamba hata bakteria wasioweza kuitumia sukari fulani kama chakula bado huielekea. Kuonja wanaonja, kula hawali. Mahali unapotaka neno la jumla, litakalobeba pia joto na mwanga, tumia "kuhisi".

Mkia uache. Mkia huota nyuma, nao hupungwa. Flajela za bakteria huyu zimeota huku na huku mwilini, na hazipungwi, huzunguka, tena hufikia mizunguko 100 na zaidi kwa sekunde. Bakteria wa kipindupindu ana flajela moja tu kwenye ncha ya mwili, kwa hiyo kwake kishawishi cha kusema mkia ni kikubwa zaidi, lakini hiyo nayo inazunguka. Andika "flajela" na uieleze mara moja kuwa ni uzi unaozunguka.

Kwa hiyo sentensi yako ningeiandika hivi: "Bakteria huyu huogelea kwa kuzungusha flajela zake, huonja maji anamopita, na utamu ukizidi huendelea na upande uleule kwa muda mrefu zaidi kabla ya kugaagaa tena."