Siku 90 zinaisha, niende Maseru nikagongewe muhuri?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni msichana wa Kilifi, niko Johannesburg kwa dada yangu tangu katikati ya Agosti. Uwanja wa ndege walinigongea siku 90 na sasa zinakaribia kwisha. Dada ana saluni hapa Yeoville, namsaidia kusuka. Wateja wananiambia nisihangaike, nipande teksi ya Maseru, kule Lesotho, nigongewe kutoka na kuingia, nirudi na siku 90 mpya. Wanasema wamefanya hivyo miaka na miaka. Kuna na dereva anayesema hata safari si lazima, nimpe pasi ya kusafiria na pesa kidogo, ataileta imegongwa. Nifanyeje?
Msusi, Yeoville

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimewahi kuishi Johannesburg nikiuza vikoi na vinyago Rosebank, kwa hiyo wateja wako nawajua bila kuwaona. Hawakudanganyi, wanakusimulia ya zamani. Kulikuwa na wakati mtu akivuka daraja la Maseru asubuhi, akinywa chai upande wa pili, akirudi na siku mpya. Mei 2014 kanuni za uhamiaji zilibadilishwa. Tangu hapo ukienda nchi jirani ukarudi, unaendelea na zilezile zilizobaki.

Halafu wewe ni Mkenya, na hapo pana sharti jingine. Ruhusa yetu ya kuingia Afrika Kusini bila viza ilianza tarehe 1 Januari 2023, baada ya Ruto na Ramaphosa kukubaliana Nairobi Novemba iliyotangulia. Ni siku 90 katika mwaka wa kalenda, si siku 90 kila unapoingia. Za mwaka huu umezitumia zote kwa mkupuo. Ukagongewe Maseru, Beitbridge mpakani mwa Zimbabwe au Ressano Garcia mpakani mwa Msumbiji, hesabu haibadiliki.

Na kwa nini Lesotho jamani? Nchi ile imezungukwa na Afrika Kusini pande zote. Ukikataliwa kurudi, umekwama kilomita 400 hivi kutoka kwa dada yako, nguo zako ziko Yeoville, na njia ya kwenda nyumbani inapita kwa haohao waliokukataa. Sijui nani alikaa akaona huko ndiko kwa kukimbilia.

Dereva naye mwambie ahsante, pasi ibaki kwenye mkoba wako. Afisa wa mpaka haridhiki na wino, anaangalia na kompyuta. Pasi ikisema ulitoka Jumanne na kompyuta ikisema hukutoka, swali lako halitakuwa la siku tena, litakuwa la kughushi. Huyo dereva utampata wapi siku hiyo akutetee?

Sasa sikiliza hili la tarehe, maana ndilo linalowaponza wengi. Usihesabu miezi mitatu kwa vidole. Kutoka Agosti 15 mpaka Novemba 15 ni siku 92. Soma tarehe iliyoandikwa kwenye muhuri wenyewe, hiyo ndiyo mwisho wako. Zamani aliyepitisha siku alilipa faini akaenda zake. Hivi sasa unapewa karatasi uwanjani wakati wa kuondoka, inayosema wewe ni mtu asiyetakiwa nchini. Ukipitisha siku zisizozidi 30, hutaingia kwa miezi 12. Ukirudia ndani ya miezi 24, ni miaka miwili. Ukizidisha siku 30, ni miaka mitano. Unaweza kukata rufaa kwa maandishi ndani ya siku 10 za kazi, na uwe na sababu inayoshikika, kama cheti cha hospitali. "Nilihesabu vibaya" haiponyi mtu.

Kusuka, mwanangu, hukuniuliza lakini umeniandikia, basi nami nitakujibu. Mgeni wa siku 90 haruhusiwi kufanya kazi, na kumsaidia dada saluni ni kazi, hata kama malipo yenyewe ni chakula na kitanda. Wakiingia wakaguzi, hawatauliza nyinyi ni ndugu wa tumbo moja au la. Na dada yako mwenye saluni atakuwa taabuni pamoja nawe.

Kwa hiyo nenda nyumbani kabla ya tarehe ya muhuri. Januari mwaka wa kalenda unaanza upya, na kwa sheria unaweza kwenda tena kumtembelea dada, ukiwa na tiketi ya kurudi na pesa za kujikimu za kuonyesha. Lakini afisa akiona ulikaa siku 90 zote, ukapumzika wiki chache, na uko mbele yake tena, atauliza unafanya nini huko, na ana haki ya kuuliza. Kama nia yako ni kuishi na kufanya kazi, hilo linaombewa Nairobi. Viza ya mgeni kwa kawaida haigeuzwi kuwa ya kazi ukiwa ndani ya nchi. Sikufichi, viza ya kazi kwa msusi ni ngumu. Muulize wakili wa uhamiaji kabla hujamlipa mtu yeyote wa mtaani anayesema anajua mtu ofisini.

Tiketi ya Nairobi nunua wiki hii. Ukingoja Desemba ikaribie utakuta wanaorudi kwa Krismasi wameshapandisha bei, na wewe hata kufika Desemba huna ruhusa.