Tazama na Mwanao Sehemu Hii ya Star Trek, Hasa Siku Atakayobagua Yeye

Mwaka juzi mwanangu wa kiume, akiwa na miaka 12, alirudi kutoka shule huku anacheka. Tunaishi Ohio, Marekani. Alikuwa akimwigizia dada yake namna mtoto mmoja mgeni darasani kwao anavyoongea Kiswahili. "Eti anasema batoto! Anasema bintu!" Kisha akamalizia: "Wale ni wakimbizi bwana, sisi siyo kama wao."

Nilikuwa jikoni naosha vyombo. Mikono ilinisimama majini.

Miezi michache kabla ya hapo, mtoto huyuhuyu alirudi analia kwa sababu mwenzake kwenye basi la shule alimwuliza kama kwao Afrika wanalala na nyani. Siku ile sikuhangaika kutafuta la kusema. Mzazi ambaye mwanawe kadharauliwa, maneno huwa anayo tele. Unamkumbatia, unamweleza yeye ni nani na ametoka wapi, kesho yake unakwenda shuleni kuzungumza na walimu. Lakini safari hii mwanangu ndiye aliyekuwa upande wa basi. Na jambo lililonichoma zaidi ni kwamba nilijua kajifunzia wapi. Mimi ni mtu wa Kasulu, mkoani Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kupokea Wakongo waliokimbia vita Kivu ya Kusini, iko wilayani kwetu. Nimekua nikisikia "mkimbizi" likitumika kama tusi. Hata huku ughaibuni nimewahi kusema kwenye simu, tena kwa sauti, kwamba Wakongo wanakiharibu Kiswahili. Mtoto alikuwa kwenye kochi, ana masikio.

Jioni ile sikumgombeza. Nilisubiri Jumamosi, nikamwekea Star Trek, ile tamthilia ya zamani ya Kimarekani ya safari za anga za mbali.

Hii tamthilia naipenda tangu ujana. Kilichonivuta mwanzoni ni yule afisa wa mawasiliano, Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina lake limetokana na neno letu, uhuru. Ilipoanza kurushwa Septemba 1966, mwanamke mweusi mwenye cheo, aliyekaa kwenye chumba cha kuongozea chombo cha anga na wala si jikoni kwa watu, lilikuwa jambo geni kabisa kwenye televisheni ya Marekani. Nichols mwenyewe amesimulia kwamba alitaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza, na Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi, ndiye aliyemsihi abaki. Ipo hata sehemu moja ambayo mashine inamfuta Uhura kumbukumbu zote. Anapofundishwa kusoma upya na maneno yakamshinda, Kiswahili kinamtoka mdomoni. Mara ya kwanza kuiona nilipiga ukelele.

Sehemu niliyomwekea mwanangu inaitwa "Let That Be Your Last Battlefield". Ni ya msimu wa tatu, na ilirushwa Januari 10, 1969, miezi tisa baada ya King kuuawa kule Memphis. Nchi ilikuwa bado na kidonda kibichi. Habari yenyewe ni hivi: chombo cha Enterprise kinamwokota mtu aitwaye Lokai, anayekimbia. Uso wake umegawanyika katikati, nusu nyeusi tii, nusu nyeupe pe. Haupiti muda, anatokea mwingine aitwaye Bele, naye nusu nyeusi nusu nyeupe. Bele anasema Lokai ni mhalifu na amekuwa akimfukuza kwa miaka 50,000. Wote wawili wanatoka sayari ya Cheron, na kila mmoja anamtaka Kapteni Kirk awe upande wake.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ushauri wangu ulipo. Usimwambie mtoto kwamba mnatazama kitu kuhusu ubaguzi. Ukitaja hilo neno tu, atakaa mkao wa darasani na kukupa majibu unayoyataka. Mwambie ni Star Trek, pika bisi, kaeni. Mwanzo wake ni wa polepole, na rangi walizopakwa waigizaji zinaonekana wazi kuwa rangi. Vumilieni. Kwa mtoto wa chini ya miaka 10 nadhani ni mapema, si kwa sababu ya vitisho, ila kwa sababu mazungumzo ni mengi.

Subiri mpaka Bele awe ameketi na Kirk na msaidizi wake, Spock. Anawaambia hata mtu mwenye akili ndogo anaona kwamba Lokai ni wa jamii ya chini. Spock anamjibu kwamba kwa macho yake, Lokai ni wa jamii ileile ya Bele. Bele anakasirika, anawataka wamtazame vizuri. Papo hapo chukua rimoti, simamisha picha. Muulize mwanao: tofauti yao iko wapi?

Mwanangu alitazama, akasema mmoja ni mrefu kidogo. Akasema mmoja ana sauti nzito. Akasema nguo. Dada yake naye alibahatisha, akashindwa. Nikawaacha wahangaike. Usiwasaidie. Halafu nikairuhusu picha iendelee, na Bele akasema: yeye ni mweusi upande wa kulia. Lokai ni mweupe upande wa kulia. Watu wote wa Lokai ni weupe upande wa kulia.

Mwanangu akasema, "Hiyo tu?"

Nami nikamwuliza pale pale, kwa sauti ya kawaida, kama yule mtoto wa kwenye basi angeweza kumtofautisha yeye na yule mwenzake anayesema "batoto". Nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote, kwa sababu kila mzazi ana hotuba imemkaa kooni. Imeze. Mtoto alikaa kimya kwa muda, akatazama zulia, kisha akasema taratibu, "Kwa yule wa kwenye basi sisi wote ni Waafrika tu." Sikuongeza neno.

Kuna mahali pengine pa kusimama, ila pafupi. Maafisa wawili vijana wanaongea, mmoja anakumbuka kusoma shuleni kwamba duniani kuliwahi kuwa na mateso ya namna hiyo. Mwenzake, Sulu, anamjibu kuwa hayo ni mambo ya zamani, ya karne ya ishirini, na fikra kama hizo zimekwisha. Binti yangu alisema hapohapo, "Si kweli." Nikawaambia kwamba George Takei, aliyeigiza Sulu, alifungwa kambini pamoja na wazazi wake akiwa mtoto mdogo, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu tu walikuwa na asili ya Japani. Serikali iliyowafunga ilikuwa ya Marekani, nchi aliyozaliwa. Wakataka kumwona tena, wakarudisha nyuma. Habari kama hizo ziweke akibani, zinamfanya mtoto aone kuwa waigizaji nao ni watu.

Hoja moja nataka niiseme kwa nguvu, kwa sababu ndipo wazazi wengi tunapoteleza, nami nimeteleza. Ukimaliza kutazama, mtoto atasema, "Wote wawili wabaya." Usilipokee jibu hilo kirahisi. Watu wa Bele ndio waliowafanya watu wa Lokai watumwa, na Bele anajisifu kwamba wamewalea na kuwaelimisha. Lokai anawasimulia mabaharia wa Enterprise mateso ambayo wao hawawezi kuyahisi. Chuki yake ina chanzo. Kwa maoni yangu hapa tamthilia yenyewe inaharakisha mno, inawaweka wawili hawa kwenye mizani moja kana kwamba mwenye fimbo na mwenye mgongo wamekosa sawasawa. Mtoto mweusi anayeishi Marekani anahitaji kuisikia tofauti hiyo kutoka kwa mzazi wake, la sivyo ataambiwa maisha yake yote kwamba kulalamika kwake nako ni ubaguzi. Sisi tulilijadili kwa karibu saa nzima, na bisi ziliisha mapema. Tulikubaliana kwamba Lokai alikuwa na haki ya kukasirika. Hatukukubaliana alipaswa kufanya nini na hasira ile, na mpaka leo hatujakubaliana.

Mwisho wake ni mzito, muwe karibu na watoto. Chombo kinafika Cheron na kukuta hakuna aliye hai. Pande zote mbili zimemalizana. Bele na Lokai wanakimbizana ndani ya chombo, huku picha za miji inayoungua zikipita juu ya sura zao, kisha wanashuka kwenye sayari iliyokufa kwenda kuendeleza ugomvi. Uhura, huyu mwenye jina letu, ndiye anayeuliza kama chuki ndicho kitu pekee walichowahi kuwa nacho. Kirk anajibu kwamba hapana, ila ndicho pekee walichobakiwa nacho.

Jambo ambalo sikujiandaa nalo, na ninakushauri ujiandae, ni swali litakalokugeukia wewe. Nilikuwa nimeshazima televisheni. Mwanangu akaniuliza, "Baba, wewe nani alikwambia kwamba Wakongo wanaharibu Kiswahili?" Ningeweza kusema nilikuwa natania. Nakuomba, usijifiche hapo. Mtoto aliyetoka kukiri kosa lake mbele yako anastahili kusikia la kwako.

Nikamsimulia jambo ambalo hata mama yake hajawahi kulisikia. Mwaka 1997, nikiwa na miaka kumi, tulikuwa tunachota maji kisimani mimi na wenzangu watatu. Akaja mvulana kutoka kambini, rika letu, na dumu la njano. Aliomba tumpishe achote "mayi". Tukacheka, tukamwigiza, mayi, mayi. Alipofanikiwa kulijaza dumu lake, mmoja wetu alilipiga teke na mimi nikamalizia kulimwaga. Alitutazama, akaokota dumu, akarudi njia aliyojia. Kutoka pale hadi kambini ni mwendo mrefu kwa mtoto.

Mwanangu aliniuliza yule mvulana alikuwa anaitwa nani. Nikamwambia hatukumwuliza.