Mkuu wa Nyegezi, usiunganishe hizo kolamu mbili!

Simamisha hapo ilipo hiyo shiti ya takwimu za nchi unayomwandalia msimamizi wako. Nimesoma mpaka pale ulipoandika kwamba Pato la Taifa la Kenya la 2000 hadi 2012 umelitoa kwenye faili la zamani la kaka yako, 2013 kuja huku umelitoa kwenye faili jipya, "nikabandika tu kwa chini". Chai imenipalia. Mimi nilizikwa hapo hapo, na kaburi langu liko Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, wauza dagaa wote wanalijua.

Ilikuwa 2015. Mjomba na wenzake walikuwa wanapeleka dagaa Kenya kwa njia ya mpaka wa Sirari, fuso moja kila baada ya wiki mbili, maisha yanakwenda. Mimi ndiye msomi wa ukoo: cheti cha kompyuta cha miezi mitatu. Wakaniambia, mpwa, tuangalizie kati ya Kenya na Uganda nani anakua kwa kasi, tumfuate huko huko. Nikafanya kama ulivyofanya wewe. Faili la zamani juu, jipya chini, fomula ya asilimia nikaiburuta mpaka mwisho. Mwaka baada ya mwaka namba zinapanda kistaarabu, zikifika 2013 zinaruka kwa zaidi ya asilimia 30. Badala ya kushtuka, nikaipaka hiyo seli rangi ya kijani! Nikachapa kwa rangi, nikawapelekea kwenye bahasha.

Wazee wakaongeza mzigo: fuso tatu badala ya moja, nusu kwa mkopo. Kule walaji ni wale wale wa jana. Fuso mbili zikakosa mnunuzi, mzigo ukashushwa stoo, mvua za masika zikaukuta humo. Dagaa wakishika unyevu unajua mwenyewe: wanageuka wekundu, wanalainika, harufu yake inakufuata hadi kitandani. Wakaishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Milioni nne na ushee zikaenda. Mjomba mpaka leo akiniona ananiita Waziri wa Fedha, na hanikopeshi hata nauli.

Kilichotokea ni hiki. Septemba 2014 Kenya walibadilisha mwaka wa kizio wa takwimu zao (yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupimia miaka mingine), kutoka 2001 kwenda 2009, wakahesabu upya na shughuli ambazo hesabu ya zamani ilikuwa haizishiki vizuri. Uchumi ukaonekana mkubwa zaidi kwa asilimia 25 hivi, na hakuna mtu aliyeongezewa hata kikombe cha uji. Umehesabu kuku usiku ukasahau banda la nyuma, asubuhi umewaona: hao hujawafuga leo. Nigeria ndiyo kabisa, Aprili 2014 walitoka kizio cha 1990 kwenda 2010, pato likavimba kwa asilimia 89 na wakaipita Afrika Kusini bila kutoka jasho. Sisi Watanzania wenyewe tulihamia kizio cha 2007, halafu cha 2015. Uganda wana 2016/17, na mwaka wao wa fedha unaanza Julai. Kenya wakahama tena, wako 2016. Sasa wewe bandika tu.

Na yule mwalimu wangu wa kompyuta, Mungu anamwona. Nilimuuliza kabisa, mbona kichwa cha kolamu hii kimeandikwa "bei za 2001" na hii "bei za mwaka husika"? Akanijibu: "Hayo ni mapambo, zote si shilingi?" Nilimlipa elfu themanini kwa jibu hilo. Bei za mwaka husika zina mfumuko wa bei ndani yake, kwa hiyo hata bila kizio kubadilika nilikuwa nahesabu kupanda kwa bei ya unga nikadhani ni maendeleo. Mapambo!

Sheria yangu ni moja: kolamu moja, kizio kimoja, aina moja ya bei. Pakua mfululizo wote upya, siku moja, chanzo kimoja. Ukikosa, tafuta mwaka ambao upo kwenye mafaili yote mawili, gawanya namba mpya kwa ya zamani, hicho unachopata zidisha miaka yote ya zamani, na useme wazi kwenye maelezo kwamba umefanya hivyo.

Idadi ya watu nayo umechapia kidogo. Sensa ya 2012 tulikuwa milioni 44.9, ya 2022 milioni 61.7. Ongezeko ni asilimia 37.4, ukagawa kwa kumi ukapata 3.74. Siyo hivyo, kila mwaka unaanzia juu ya mwaka uliopita, kama riba ya mkopo. Gawanya ya mwisho kwa ya mwanzo, pandisha kwa kipeo cha 1/10, toa moja. Utapata 3.2.

Biashara ya nje, usisahau dhahabu. Bei ikipanda duniani, mauzo yetu yanapaa hata kama Geita wamechimba kilo zile zile, kwa hiyo hapo pia angalia kama kolamu ni ya uzito au ya fedha. Narudi kule kule!

Uliuliza kitu kingine, cha grafu nadhani. Acha grafu. Grafu yangu ilikuwa nzuri kuliko zote Kirumba. Piga picha mstari wa kwanza wa hayo mafaili mawili, ule wenye vichwa vya kolamu, iweke hapa leo kabla hujampelekea msimamizi wako.